Naomba ushauri: tela la haidroli linashuka lenyewe usiku

Habari zenu wakuu, hasa mafundi. Nina tela la zamani la kulala wageni, lile ambalo nusu ya juu inapandishwa kwa haidroli mkifika kambini. Pampu inatumia betri ya volti 12, silinda inavuta waya za chuma zinazopita kwenye puli. Nipo Arusha.

Kupanda linapanda vizuri tu. Shida ni usiku: linashuka polepole, asubuhi mlango umebana haufunguki. Nje hakuna hata tone la oili, paipu kavu kabisa. Nimebadilisha oili (linatumia ATF, oili ya giaboksi za otomatiki), nimetoa hewa, puli nimezipaka grisi. Bado. Kwa sasa naweka nguzo za mbao kila kona kabla mtu hajaingia ndani.

Fundi mmoja wa mtaa wa Unga Limited hapa Arusha anasema nitie mafuta ya breki, eti yana nguvu zaidi. Hapo nimegoma, yatakula sili zote (mipira inayozuia oili isipite).

Nitajuaje kama ni sili ya pistoni au vali ya pampu haifungi vizuri, bila kufungua vyote? Na sili za vipimo vya inchi, Arusha au Moshi nizitafute wapi?