Tupeane uzoefu: mahakama iliposema kuhusu ushoga, kwako nini kilibadilika?

Naanza mimi. Machi 2018 Mahakama ya Rufaa, ikikaa hapa hapa Mombasa, ilisema kumlazimisha mtu apimwe sehemu ya haja kubwa ili kutafuta ushahidi wa ushoga ni kuvunja Katiba. Kesi ilikuwa ya vijana wawili waliokamatwa Kwale mwaka 2015. Tangu wakamatwe sikukanyaga hospitali, hata jipu liliponitoka nililikamua mwenyewe kwa wembe. Habari ya hukumu ilinikuta Likoni nangoja feri. Sikuvuka. Niligeuka, nikaenda kupima.

Wa Kisauni: Mimi sina furaha hiyo. Kifungu cha 162 cha sheria ya adhabu ya Kenya, kinachotumika dhidi ya mashoga, kiko pale pale, miaka 14 jela. Mwenye nyumba wangu alikijua hata kwa namba. Kila mwisho wa mwezi: "Ongeza kidogo, ama nipige simu polisi." Nililipa miezi mitano, kisha nikahama usiku na godoro tu. Nikashtaki wapi? Mei 2019, Mahakama Kuu Nairobi ilipokataa kufuta kifungu hicho, sikula siku mbili.

Muuguzi: Anayeogopa hupotea kabla dawa hazijaisha. Nimewatafuta wengi.

Mama Majengo: Wanangu, mimi ni mzazi, naswali swala tano. Februari 2023 Mahakama ya Juu iliposema watu hawa wana haki ya kusajili chama chao, mtaa mzima ulichafuka. Watu wakaandamana, na walioandamana ni jamaa zangu, nawajua kwa majina. Kijana wangu nilimfungia ndani wiki nzima. Nampelekea mahamri na mbaazi, narudi nayo kama yalivyo. Siku ya nne akaniuliza, "Mama, nawe unanionea haya?" Nilikuwa sijawahi kumjibu swali hilo, miaka yote. Nikakaa kitandani pake, nikamega hamri, nikamlisha kwa mkono wangu kama mtoto mdogo. Akala.

Wa Kisauni: Shikamoo mama. Mamangu hajapokea simu yangu tangu nihame.

Mama Majengo: Marahaba mwanangu. Ijumaa napika pilau. Niandikie faraghani nikuelekeze nyumba. Na wewe wa Likoni, njoo.