Mkanda wa mshono unabanduka kwenye makoti ya mvua yenye dawa ya kufukuza maji isiyo na floro: tubadili mkanda, joto, au kitambaa?

MshonoMkavu
Wakuu, naomba tulinganishe njia hizi kwa kina. Kitambaa ni cha tabaka tatu: nailoni nje, utando wa poliuretani katikati, kitambaa chembamba cha kufuma ndani. Dawa ya kufukuza maji haina floro, ile kemikali ya dawa za zamani. Mkanda wa kuziba matundu ya mshono ni wa milimita 20, una gundi inayoyeyuka kwa joto, na unabandikwa kwa mashine ya hewa moto na rola. Ukitoka mashineni unaonekana umeshika vizuri, lakini baada ya kufua mara tatu kwa nyuzi 40 kingo zinainuka, na kwenye makutano ya mishono maji yanapita. Njia zilizopo mezani ni tano: kuongeza joto, kupunguza kasi, kuchukua mkanda wenye gundi nene, kufuta mshono kwa spiriti kabla ya kubandika, au kutia dawa baada ya koti kukamilika. Ipi inatibu na ipi inaficha tu?

RolaMoto
Kabla ya kugusa joto, bandua kipande cha sentimita kumi kwa mkono, polepole, kisha uangalie gundi imebaki wapi. Ikiwa yote imeondoka na mkanda na kitambaa kimebaki safi, gundi haikupata pa kushika, na tatizo ni uso wa kitambaa. Ikiwa imegawanyika pande zote mbili na inavutika kama nyuzi, imeshika na imekatika yenyewe katikati. Ukiona vidoa vya gundi juu ya vilele vya ufumaji tu, na mabonde hayana kitu, gundi haikutiririka vya kutosha: ni nyembamba, au haikuiva, au rola imebana kidogo. Na ikiwa ule ufumaji wa ndani umeng'oka pamoja na mkanda, mlaumu aliyeunganisha tabaka za kitambaa, kwani mkanda umefanya kazi yake.

Hali hizi nne zina tiba nne tofauti. Mtu akisema tu "unabanduka" bado hajaeleza ugonjwa.

NtaNaSilikoni
Fundi RolaMoto yuko sahihi, na kwa dawa zisizo na floro hali ya kwanza ndiyo ya kushuku mwanzo. Dawa hizi nyingi ni za nta, silikoni au minyororo ya hidrokaboni, na huhitaji kutiwa kwa wingi zaidi ili zifukuze maji vizuri. Kiwandani, kitambaa kikizamishwa chote kwenye beseni la dawa na kukamuliwa kwa rola, dawa inafika mpaka upande wa ndani, ambako mkanda unatakiwa kushika.

Kipimo chake hakihitaji maabara. Geuza kitambaa, weka matone matano ya maji upande wa ndani mahali tofauti. Ufumaji usio na dawa hunywa tone ndani ya sekunde chache. Tone likikaa juu kama shanga dakika nzima, dawa imevuka. Kwa kitambaa cha tabaka mbili, ambacho ndani ni utando mtupu, tone halitoi jibu la uhakika. Hapo tumia wino wa kupimia mvutano wa uso, yaani jinsi uso unavyokubali kimiminika kitande juu yake. Ule wa milinyutoni 38 kwa mita ukijikusanya vitone badala ya kutanda kwa sekunde mbili, gundi ya poliuretani itapata shida pia.

Uzi_40
Swali kwako mkuu. Floro ina mvutano wa uso mdogo kuliko nta na silikoni. Mbona makoti ya zamani mkanda ulishika?

NtaNaSilikoni
Swali zuri, ndugu. Ni kweli, floro ni mbaya zaidi kwa gundi *ikiwa iko* pale gundi inapotua. Lakini ilitiwa kidogo, na ikishakaushwa vizuri ilitulia kwenye nyuzi. Nta nyingi za aina hii huyeyuka kati ya nyuzi 50 na 70, kwa hiyo hewa ya mashine inaiamsha na kuisogeza kwenye mpaka wa gundi wakati ule ule gundi inapotafuta pa kushika. Silikoni nayo huacha molekuli fupi ambazo hazijafungwa popote. Hizo zinahama, hata kitambaa kikiwa kimelala kwenye jora, kwa sababu uso wa nje wa mzunguko mmoja unagusa mgongo wa mwingine. Zinahamia hata kwenye rola ya mashine, kisha rola inachafua koti linalofuata ambalo halikuwa na kosa.

RolaMoto
Ndiyo maana sipendi tiba ya "ongeza joto". Kwa mikanda mingi hewa huwekwa nyuzi 400 hadi 600 kwenye mdomo wa bomba, kasi mita 3 hadi 6 kwa dakika, rola kwenye msukumo wa baa 3 hadi 4. Namba hizo ni za hewa, si za gundi, maana gundi inapita pale kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Ukipandisha joto kwenye kitambaa chenye nta, unayeyusha nta zaidi. Dalili za kupita kiasi ni mkanda kujikunja, kingo kutoa gundi, na malengelenge madogo kwenye utando.

Kupunguza kasi kwa nusu mita huku joto likibaki lilipo kuna faida zaidi, lakini kwa ile hali ya vidoa vya gundi tu. Badili kitu kimoja kwa wakati mmoja, na uache saa 24 kabla ya kupima kwa kubandua, kwani gundi hizi huendelea kukomaa zikishapoa.

MshonoMkavu
Na mkanda wenye gundi nene?

Uzi_40
Unafaa kwa tabaka tatu, kwa sababu gundi inajaza mabonde ya ufumaji. Gharama yake ni mshono mgumu, na kwenye makutano unapata unene wa mikanda miwili juu ya tabaka nne za pindo, yaani ukingo wa kitambaa unaobaki nje ya mshono. Hapo ndipo maji hupita. Kabla ya kupitisha mkanda wa pili, punguza pindo libaki milimita 5 hivi, na ulilaze upande mmoja. Baada ya hapo bana makutano kwa kibanio cha moto, kisha kwa cha baridi. Lakini kama dawa imevuka kwa wingi, gundi nene nayo itabanduka. Itachelewa tu.

Spiriti ya isopropili ninaiheshimu kwa kazi yake: inaondoa jasho la mikono, mafuta ya mashine ya kushona na mabaki mepesi. Silikoni iliyokwisha kaushwa haiiondoi. Asetoni usiiguse kabisa karibu na utando wa poliuretani.

BeseniKavu
Mimi nasimama na kitambaa. Mwagizie mtengenezaji dawa itiwe upande mmoja, kwa povu au kwa rola ya kugusa, si kwa kuzamisha. Mwombe pia athibitishe kwamba imekaushwa kwa joto na muda wote ulioandikwa na mwenye dawa, kwani dawa isiyoiva ndiyo inayohama zaidi. Kurudi kwenye dawa za floro si njia tena: California imezizuia kwenye nguo tangu Januari 2025 na Ufaransa tangu Januari 2026, isipokuwa nguo chache, kama za kinga, na kwa California zile za mvua kali mpaka 2028.

Kwa karakana ndogo isiyoweza kuagiza hivyo, tia dawa mwishoni. Nunua kitambaa kisicho na dawa, shona, bandika mkanda, funga zipu, kisha nyunyizia nje tu na kausha kwa joto dogo. Usitumie ile dawa ya kumimina kwenye maji ya kufulia: inaloanisha mpaka ndani, na siku ukitaka kurekebisha mkanda hakuna kitakachoshika.

MshonoMkavu
Nimeelewa. Na makoti yaliyokwisha kubanduka?

Uzi_40
Fua kwa sabuni isiyo na kilainishi, suuza mara mbili, kausha kabisa. Bandua sehemu iliyolegea mpaka ufike inaposhika kwa nguvu, futa kwa isopropili, subiri ikauke. Weka mkanda wa pasi uliokatwa pembe za mviringo, kwa sababu pembe kali ndiyo inayoanza kuinuka. Funika kwa karatasi ya kuokea, weka pasi kwenye alama ya sintetiki, bana sekunde 8 bila kusugua, kisha weka kitu kizito na baridi juu yake mpaka papoe.

Gundi ya kimiminika ya kupaka kwenye mshono iwe ya poliuretani. Ile ya silikoni ni kwa kitambaa kilichopakwa silikoni tu. Ukishaipaka kwingine, hakuna mkanda utakaoshika tena hapo.

RolaMoto
Kipimo cha mwisho kwa njia yoyote utakayochagua: fua mara tano kwa nyuzi 40, kisha weka makutano ya mishono chini ya maji yenye msukumo wa baa 0.2 kwa dakika mbili, sawa na kimo cha maji cha mita 2. Pima makutano, usipime mshono mnyoofu.

MshonoMkavu
Nimefanya kipimo cha matone upande wa ndani. Matano yote yamekaa kama shanga. Naandika kwa mtengenezaji wa kitambaa leo.