Kuwashwa njia ya haja kubwa usiku: arudie dawa ya minyoo au aende hospitali?

Mkazi wa Sakina

Habari zenu wakuu. Mtu mzima wa miaka 36 anawashwa njia ya haja kubwa, wiki ya tatu sasa, na hali huwa mbaya zaidi akishapanda kitandani. Nyumbani kuna mtoto wa chekechea na mwingine wa miezi 14. Alimeza dawa ya minyoo mara moja, akapata nafuu, kisha muwasho ukarudi. Kila akitoka chooni anajiosha kwa sabuni ya kipande na maji yenye dawa ya kuulia vijidudu. Pia amepewa krimu ya mchanganyiko, inayosemekana inatibu fangasi na aleji kwa pamoja. Afanye nini? Tuko Arusha.

Mfamasia Njiro

Mkuu, muwasho kurudi hakumaanishi kwamba dawa ilikuwa feki. Muwasho wa usiku kwenye nyumba yenye mtoto wa chekechea, cha kwanza kushukiwa ni wale minyoo wadogo weupe kama uzi. Jike hutoka usiku na kutaga mayai kwenye ngozi inayozunguka tundu. Mtu akijikuna, mayai yanaingia chini ya kucha, yanahamia kwenye mashuka, vitasa na vyombo, mwishowe yanarudi mdomoni. Mayai hayo yanaweza kukaa hai wiki mbili hadi tatu.

Dawa inaua minyoo, haiui mayai. Ndiyo maana dozi moja haitoshi. Albendazoli ni miligramu 400 mara moja, kisha 400 nyingine baada ya wiki mbili. Mebendazoli ni miligramu 100, nayo hurudiwa baada ya wiki mbili. Wanaokaa nyumba moja wameze siku moja, hata wasiowashwa, dada wa kazi naye asisahaulike. Mjamzito asimeze bila kumwona daktari, hasa miezi mitatu ya mwanzo.

Siku ya dozi kateni kucha zote ziwe fupi. Mashuka na chupi zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani, ila msiyakung'ute mashuka chumbani maana mayai ni mepesi na yanapeperuka. Asubuhi kila mtu aoge na kubadilisha chupi, kwa sababu mayai yanatagwa usiku.

Mkitaka uhakika kwanza, kipimo cha kawaida cha choo mara nyingi hakiwaoni hawa. Kinachowaonyesha ni selotepu angavu, siyo ile ya kahawia ya kufungia maboksi. Mara tu anapoamka, kabla hajaoga wala kwenda chooni, upande wa gundi ubandikwe kwenye ngozi kuzunguka tundu, kisha ubandikwe juu ya kioo cha maabara. Ifanyike asubuhi tatu mfululizo. Kwa mtoto, mmulikeni tochi saa mbili au tatu baada ya kulala. Jike ana urefu wa kama sentimita moja na huonekana kwa macho.

Muuguzi wa Ngozi, Moshi

Nakubaliana na mfamasia kuhusu minyoo, lakini naomba msiishie hapo. Hata minyoo wakiisha, huyu ataendelea kuwashwa kama hataacha ile sabuni na dawa ya vijidudu. Ngozi ya pale ni laini mno. Sabuni ya kipande inaondoa mafuta yake ya asili, ngozi inakauka na kupasuka vipasuko visivyoonekana, choo na jasho vinapenya, inawasha zaidi. Naye anadhani ni uchafu, anaongeza kusugua.

Kuosha kwa maji ni jambo jema, tena ni bora kuliko karatasi kavu. Tatizo letu wengi ni kuvaa tukiwa bado tumelowa. Maji matupu ya uvuguvugu, kisha kitambaa safi cha pamba, agusishe tu bila kufuta. Baada ya hapo apake krimu ya zinki au mafuta ya mgando kwa wembamba kabisa, kuzuia unyevu. Chupi iwe ya pamba na isibane. Kwa bodaboda na dereva wa daladala anayekaa kwenye kiti cha plastiki kutwa nzima, jasho peke yake linatosha kuleta shida hii.

Krimu ya mchanganyiko aiache. Nyingi zina steroidi kali (dawa za kutuliza uvimbe na muwasho) kama betamethasoni au klobetasoli. Siku tatu za kwanza anaona ajabu, kisha ngozi inakuwa nyembamba na fangasi wanaendelea kukua chini kwa chini. Ikihitajika steroidi, inatosha haidrokotisoni ya asilimia 1, kidogo sana, mara mbili kwa siku, isizidi siku 7 hadi 14. Kitunguu saumu, siki, spiriti na magadi visiguse kabisa sehemu hiyo.

Apunguze pia kahawa, pilipili, bia na soda kwa wiki mbili, halafu arudishe kimoja kimoja ajue kipi kinamsumbua. Kahawa hulegeza msuli wa tundu, choo kidogo kinavuja bila mtu kujua. Hapa Moshi hilo si jambo la kupuuza.

Daktari, Arusha

Akifanya hayo yote na bado anawashwa baada ya wiki mbili hadi nne, aende hospitali. Asisubiri hata hizo wiki ikiwa kuna damu, uvimbe au kinyama, usaha, ngozi nene iliyobadilika rangi, kupungua uzito, au mpangilio wa choo umebadilika bila sababu. Maumivu makali yanayozidi pamoja na homa ni dalili ya jipu. Hiyo ni ya siku hiyohiyo. Mwenye kisukari au VVU aje mapema zaidi. Damu msiiite bawasiri kabla mtu hajaangaliwa, kwa sababu saratani ya eneo hilo nayo huanza kwa muwasho na damu kidogo.

Kuna dalili nyingine inayosahaulika: mstari mwekundu unaowasha makalioni na kuhama ndani ya saa chache. Huyo ni mnyoo wa aina nyingine anayepita chini ya ngozi, tiba yake ni ivamektini. Mtu wa namna hiyo asimeze prednisoloni, ambayo ni steroidi ya vidonge, inaweza kumhatarisha maisha.

Najua aibu ndiyo inayowachelewesha watu. Mapokezi inatosha kusema "nitamweleza daktari mwenyewe". Utalala kwa ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa. Daktari ataangalia, atapima kwa kidole chenye glavu na jeli, pengine na kimrija kifupi chenye taa. Ni dakika chache. Una haki ya kuomba mhudumu wa jinsia yako awepo. Sukari ya damu ipimwe pia. Ikionekana ni ngozi, kama soriasisi au pumu ya ngozi, hospitali ya KCMC pale Moshi kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu mwaka 1992, na rufaa za ngozi hupokelewa.

Mkazi wa Sakina

Nashukuruni sana. Huyu wa miezi 14 naye apewe?

Mfamasia Njiro

Msimkadirie nyumbani. Mpelekeni kliniki na kadi yake, apimwe uzito. Kwa mwaka mmoja hadi miwili kipimo cha albendazoli ni nusu, miligramu 200, na kidonge kisagwe kwenye maji kidogo kwa sababu kizima kinaweza kumkaba. Mkimwona tundu limekuwa jekundu sana na analia akijisaidia, mwambieni mhudumu, maana hiyo inaweza kuwa bakteria na inahitaji antibayotiki, siyo dawa ya minyoo.