Rekodi ya mbunge wa viti vya nyuma (asiye waziri): kura na maswali naipataje?

Wakuu, nataka kujua mbunge wetu (Bunge la Tanzania) amepiga kura vipi na amewauliza nini mawaziri. Naanzia wapi?

Mchambuzi_Dom: Kura utaambulia chache. Miswada mingi hupita kwa sauti, na Hansard (kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge) inaandika tu "Hoja iliamuliwa na Kuafikiwa", bila jina la mtu. Tafuta siku ya kupitisha bajeti ya Serikali, mwezi Juni: hapo kila mbunge huitwa kwa jina. Ila usiipe uzito sana. Ibara ya 90 ya Katiba inamruhusu Rais kulivunja Bunge likikataa bajeti, kwa hiyo "ndiyo" ya mbunge wa chama tawala haikwambii msimamo wake.

KalamuNyekundu: Maswali ndiyo yenye nyama. Shusha PDF za Hansard kwenye tovuti ya Bunge, fungua "MASWALI NA MAJIBU", tafuta jina la ukoo peke yake. Kaa chonjo na "K.n.y." (kwa niaba ya): aliyesimama anauliza kwa niaba ya mwenzake, swali si lake. Swali la msingi (lililowasilishwa mapema) na la nyongeza (linaloulizwa papo hapo baada ya jibu) yahesabu kando. La nyongeza mtu yeyote aliyeitwa na Spika anaweza kuuliza.

Mchambuzi_Dom: Naongezea: linganisha majibu. "Je, ni lini Serikali itajenga barabara..." ikijibiwa "fedha zikipatikana", angalia kama alirudi nalo mwaka uliofuata. Wengi hawarudi.