Naomba ushauri: kupanga albamu kwenye tovuti yangu ya picha

Ndugu zangu, naomba ushauri kuhusu tovuti yangu ya picha, ambayo hadi sasa nimeipanga kwa tarehe, jambo linalomlazimu mgeni kupitia harusi, ndege na mandhari kwa mchanganyiko kabla ya kufikia anachokitafuta. Ninafikiria kuunda albamu kwa mada, lakini je, picha ya korongo akiruka juu ya ziwa jua linapozama ikae kwenye ndege au kwenye mandhari? Kuirudia kotekote kunachosha macho. Huenda lebo, yaani maneno mafupi ya mada yanayobandikwa kwenye kila picha, zikafaa zaidi, mradi zisizidi kiasi. Na kila albamu ibebe picha ngapi? Mimi naelekea kwenye 20, zilizopunguzwa hadi upana wa pikseli 2000, ili kurasa zifunguke haraka hata kwenye simu.