Anayejaza kipimo ili asikimbiwe na wateja, ana fadhila?

Mkazi wa Kirumba:
Shikamooni wakubwa. Shangazi yangu huuza dagaa wakavu katika mwalo wa Kirumba, soko la samaki kando ya ziwa hapa Mwanza, na kwa miaka yote niliyomsaidia sijamwona akipunja kipimo. Ndoo yake haijabonyezwa kitako, wala hachanganyi dagaa na mchanga ili wawe wazito. Juzi nilimsifu mbele ya rafiki yangu anayesoma falsafa chuoni, naye akanijibu kwamba hiyo ni akili ya biashara wala si fadhila, yaani si wema wa tabia utokao moyoni, kwa kuwa mwaloni wanunuzi hupashana habari na mpunjaji hukimbiwa kabla ya juma kuisha. Sikupata la kumjibu. Je, tendo jema hupoteza thamani yake pale linapomletea mtendaji faida?

Mwalimu mstaafu, Nyegezi:
Marahaba. Rafiki yako anazungumza kwa sauti ya mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant, ambaye katika kitabu alichokichapisha mwaka 1785 alitoa mfano wa mwenye duka asiyempandishia bei mnunuzi mgeni, hata mtoto mdogo akanunua kwake kwa bei ile ile ya watu wazima. Kant alitenganisha kutenda kama wajibu unavyoagiza na kutenda kwa sababu ni wajibu. Mwenye duka yule ametimiza la kwanza bila shaka. La pili hatuna ushahidi nalo, maana faida peke yake inatosha kueleza yote aliyoyafanya. Angalia, hata hivyo, kwamba Kant hakusema tendo hilo ni baya. Wengi humsingizia hapo, na mimi nilimsingizia darasani kwa miaka kadhaa. Ili nia ionekane, inabidi wajibu na faida viachane njia: tuseme mnunuzi ametoka Kongo, lori lake linaunguruma, hatarudi Mwanza tena, na hakuna anayetazama. Shangazi akiijaza ndoo ya mtu huyo, faida haiwezi tena kueleza alichofanya.

Mvuvi wa Kayenze:
Mwalimu, nakuheshimu, lakini sisi tunaokesha ziwani tunaliona jambo hili kwa namna nyingine. Mtumbwi ukipinduka usiku, aliye majini hamwulizi anayemvuta kama anamwokoa kwa huruma au kwa kutarajia malipo. Mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill aliandika hivyo hivyo mwaka 1861: anayemwokoa mwenzake asizame ametenda lililo sahihi, iwe amesukumwa na wajibu au na tamaa ya kulipwa. Kwa Mill, nia hutueleza thamani ya mtu, haibadilishi usahihi wa tendo. Mimi ningechagua mwalo wenye wauzaji mia wanaopima sawasawa kwa kuogopa kukimbiwa, kuliko wenye watawa watatu na wengine wote wapunjaji.

Binti wa Igoma:
Nyote mnalipima tendo moja moja, kana kwamba shangazi alifungua biashara leo asubuhi. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alifundisha kwamba mtu huwa mwadilifu kwa kutenda ya uadilifu, kama fundi anavyopata ufundi wake kwa kujenga. Huenda shangazi alianza kwa hofu ya kukosa wateja, lakini baada ya miaka mingi mkono wake umesahau kupunja, na hofu ile ya mwanzo haina kazi tena. Aristotle alidai pia kwamba mwenye fadhila hufurahia kutenda haki, na kwamba anayetenda huku moyo ukimvuta kwingine bado hajafika. Hapo anapishana na Kant, ambaye alimsifu zaidi mtu aliyekaukiwa na huruma kwa sababu ya majonzi yake mwenyewe, na bado akawasaidia wengine.

Halafu kuna nyongeza, ambayo hamjaigusa. Ndoo ikishajaa, muuzaji huchota kiganja kimoja cha dagaa na kukiweka juu. Kipimo ni deni, na mnunuzi anaweza kulidai, nyongeza haidaiwi. Kant mwenyewe alikubali kwamba wajibu wa kuwatendea watu hisani hutuachia nafasi ya kuchagua ni nani na ni kiasi gani, tofauti na ule wa kutodanganya.

Mkazi wa Kirumba:
Nawashukuru. Nimemwuliza shangazi kuhusu mnunuzi wa Kongo asiyerudi. Mara ya kwanza hakulielewa swali, nilipolirudia aliniuliza, "Nimpunje, kwani kanikosea nini?" Kuhusu nyongeza alicheka, akakiri kwamba wenye maneno matamu hupata viganja viwili. Rafiki yangu anasema hayo ni mazoea tu.

Mwalimu mstaafu, Nyegezi:
Mwulize rafiki yako ni wapi katika jibu hilo wametajwa wateja au faida. Shangazi ameanza na mnunuzi, kwamba ni mtu asiye na kosa, na Kant katika kitabu kile kile alisisitiza kwamba mtu asitumiwe kama chombo tu cha kumfikisha mwingine anakotaka. Kwa hiyo namhesabu upande wangu, ingawa Binti wa Igoma ana haki ya kumdai pia. Kuhusu viganja viwili sina la kusema, kwa sababu mimi ni mmoja wa wenye maneno matamu.