Naomba ushauri: wateja wanauliza kwangu, wanakata tiketi mtandaoni

Habari zenu wadau. Nina ofisi ndogo ya wakala wa tiketi za ndege hapa Mombasa. Zamani mashirika yalitulipa kamisheni kwa kila tiketi. Kule Marekani Delta iliifuta mwaka 2002, mengine yakafuata, na leo sisi huku tunategemea zaidi ada tunayomtoza mteja.

Sasa mteja anakaa mbele yangu, namtafutia safari ya Dubai, namweleza kilo za mizigo na saa za kusubiri Addis Ababa, kisha anashuka ngazi na kukata tiketi mwenyewe kwa simu. Jina likikosewa, au ndege ikiahirishwa usiku, ananipigia mimi! Linaniuma kweli.

Waliobaki ni wazee wa Umra na vikundi. Na hata Umra, tangu 2022 serikali ya Saudia ina jukwaa la mtandaoni la Nusuk, mtu anajipangia mwenyewe.

Je, nitoze ada ya ushauri kabla sijafungua kompyuta, akinunua nimkatie kwenye bei? Au niachane na tiketi za mtu mmoja mmoja? Aliyejaribu anieleze wateja walipokeaje.